Dirisha la Walio Hai

Shangazi yangu alifungwa miaka mitano kwa kuwaweka hai watu kumi na mmoja waliokwisha kufa. Hati ya mashtaka ilisema kwa maneno marefu zaidi, kughushi nyaraka na kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, lakini hata hakimu alipofika kwenye orodha ya majina alisita, akavua miwani, akamtazama pale kizimbani. "Hawa wote, mama," alisema, "walikuwa wanapumua kwa kidole chako." Watu wakacheka. Mimi nilikuwa benchi la nyuma, na mpaka leo nikimkumbuka yule aliyecheka kuliko wenzake, mwanamume mmoja mwenye kofia, natamani ningemvua ile kofia nikaikalia.

Alikuwa karani wa ofisi ya mafao, dirisha la uhakiki. Kila mwaka mstaafu ilimlazimu aje yeye mwenyewe, kwa miguu yake au kwa miguu ya wengine, aonekane kwamba bado yupo, ndipo pensheni yake iendelee. Shangazi alikaa nyuma ya dirisha hilo miaka ishirini na mbili. Wenzake walimwita Bi Muhuri, kwa jinsi alivyougonga muhuri: mara moja tu, kwa nguvu, mpaka vikombe vya chai vya ofisi nzima vikalia kwenye visahani.

Nilimjua akiwa kazini kabla sijamjua vizuri nyumbani. Baba yangu, kaka yake, alifariki nikiwa darasa la pili, mama akaolewa mbali, na shangazi na bibi wakanichukua. Nikitoka shule nilipitia ofisini kwake, nikajilaza juu ya mafaili ya zamani yaliyofungwa kamba nyeupe, chini ya feni iliyozunguka kwa kusitasita, na usingizi ukinichukua polepole nilisikia foleni ikizungumza. "Upo, baba?" "Nipo, mwanangu." "Na wewe mama, upo?" "Nipo, nipo kidogo." Wazee walivaa nguo zao za heshima kuja kuonekana, mtu hawezi kwenda kuthibitishwa kwamba yu hai akiwa na kandambili. Harufu ya sabuni na mafuta ya nywele ilijaa chumbani, na zile "nipo" zilinifikia usingizini moja moja, mpaka nikawa sijui kama zinasemwa na watu au na feni.

Wengi wao hawakujua kuandika, wakaweka dole gumba. Hapo ndipo mambo yalipoanzia. Mtu aliyepasua kokoto miaka thelathini, au aliyefua, au aliyebeba saruji, dole lake huwa limeshalika. Ukilibonyeza kwenye pedi ya wino kisha kwenye karatasi unapata doa laini tu, bila mstari hata mmoja. Mkuu wa ofisi hakutaka madoa. Aliandika kwa kalamu nyekundu, "Alama haisomeki, arudi," na mzee akarudi kwake, akaoga, akavaa tena, akaja, akaambiwa tena arudi.

"Kulikuwa na mzee mmoja mpasua kokoto," shangazi aliniambia baadaye sana. "Alikuja mara nne. Mara ya nne nikamwambia, baba, hebu tazama pale ukutani, kuna kalenda nzuri. Akatazama. Mimi nikaweka dole langu."

"Ukamfanyia ujanja mzee wa watu?"

"Nilimwazima dole. Aliondoka amefurahi mpaka akasahau mkongojo."

Angeishia hapo, ningekuwa nawasimulia habari za mtu mwema, na nyinyi mngekuwa mmeshasinzia. Hakuishia hapo. Mzee alikufa mwaka uliofuata, na mjane wake akaja dirishani na kadi, akaisukuma tu kwenye kile kitundu cha chini ya kioo. Shangazi akawaza kwamba dole lililomo kwenye faili ni lake mwenyewe, na lenyewe halijafa. Akalibonyeza tena. Mjane akarudi na bahasha ya ahsante, shangazi akaikataa. Mwaka uliofuata akaipokea. Wa tatu aliingoja. Kufikia wa tano hapakuwa tena na cha ahsante. Alikuwa anawatajia wajane na watoto wa marehemu kiasi, nao wanaleta. Sitamsafisha. Alikula. Sakafu yetu ilipata vigae, na cherehani ninayoshonea mapazia mpaka leo ilinunuliwa miaka hiyo. Sijui ni marehemu yupi aliyenilipia.

Aliyemnasa ni mkaguzi mgeni, na wala hakuwa anamtafuta. Meza zilikuwa zimejaa, akayatandaza mafaili sakafuni, akavua viatu, akawa anatembea katikati yake kwa soksi. Kwenye faili la tatu aliona dole lenye kovu lililolikata katikati. Kwenye la saba akaliona tena. Shangazi alikatwa na kopo la maziwa akiwa mtoto. Wastaafu kumi na mmoja, kovu moja. Ni mtu wa kazi ile tu ndiye anayeweza kufanya kosa la namna hiyo: alikagua madole ya watu maisha yake yote, la kwake hakulitazama hata siku moja.

Mahakamani alikiri. "Nilianza kwa huruma, mheshimiwa."

"Na ulimalizia kwa nini?" hakimu akauliza.

Wakili wetu alimkazia macho anyamaze. Shangazi akafikiri kweli kweli, kama mtu aliyeulizwa njia na mgeni. "Kwa mazoea," akasema. Wakili akafunga faili lake, akaanza kutafuta kifuniko cha kalamu.

Kabla ya kupandishwa kwenye gari la magereza waliniruhusu nimshike mkono dakika moja. Nyumbani tulikuwa tumemwacha bibi, mama yake mzazi, mwenye miaka themanini na mitatu. "Mitano wakiniondolea theluthi," shangazi alisema, "ni mitatu na miezi minne. Nikimkuta mama yu hai, mwanangu, nitaweza mengine yote. Aibu, njaa, kila kitu. Nisipomkuta, sijui." Akarudia, "Sijui." Basi hiyo ndiyo ikawa kazi yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mshona mapazia, na nimekabidhiwa kumfikisha bibi kizee kwenye mwezi fulani.

Bibi nilimwambia ukweli, kwa sababu alikuwa hadanganyiki. Alifua mashuka ya hospitali miaka thelathini na moja mpaka akastaafu. Alinisikiliza akiwa kwenye kiti chake cha dirishani, akauliza, "Huko jela wanalalia mashuka?"

"Nafikiri yapo, bibi."

"Anayafua nani?"

"Wanafua wenyewe."

"Basi atajifunza," akasema, akageukia ukutani, na mabega yake yakatikisika kwa muda mrefu.

Miaka ile naikumbuka kama mchana mmoja mrefu. Mimi nikishona, vitambaa vya madirisha ya watu wengine vilimpitia bibi magotini, na kwa kuwa vilining'inia mbele ya mwanga, uso wake ulibadilika rangi kufuatana na mteja: wiki hii njano, wiki ijayo kijani, kisha zambarau ya mke wa mwenye duka la dawa. Alisinzia, akaamka, akasinzia. Akiamka mara nyingine hakuwa nasi, alikuwa bado chumba cha kufulia cha hospitali. "Mke mwenzangu," aliniita hivyo tangu utotoni kwa utani wa bibi na mjukuu, "funga bomba hilo, mvuke unatupofusha." Nikainuka, nikafunga bomba lisilokuwepo. "Nimefunga, bibi." "Vizuri." Na kweli, nawaapia, chumba kilionekana kimepata mwanga zaidi.

Mafaili yote yaliyopita mikononi mwa shangazi yalizuiwa, la bibi likiwemo, ingawa bibi alikuwa hai pamoja na ulimi wake wote. Ilitubidi mimi na mama wa jirani tumbebe na kiti chake mpaka kwenye lile dirisha. Pale alikuwa ameshakaa karani mpya, binti mwenye kucha fupi na sauti ya upole. Akambonyeza dole. Doa. Akalifuta, akambonyeza tena. Doa.

"Usijichoshe, mwanangu," bibi akamwambia. "Mistari yangu ilikwenda na maji ya mashuka. We niulize tu kama nipo."

"Upo, bibi?"

"Nipo. Na sikuazimwa dole na mtu."

Foleni nzima ikaangua kicheko, na safari hii na mimi nilicheka. Wakampiga picha, wakaibandika kwenye faili pamoja na lile doa, na pensheni ikarudi.

Kila mwezi niliandika barua kwa maneno ya bibi, na chini yake yeye akabonyeza dole kwenye pedi kuukuu ya shangazi. Hilo la dole hakuliacha hata mara moja. "Mwandiko wako, karatasi yako," alisema. "Bila dole atajuaje kama na mimi nimo?" Kisha mwisho wa mwezi nilikwenda kumwona mwenyewe. Chumba cha wageni kilikuwa na nyavu mbili za waya zilizoachana kiasi cha mkono, na kwenye stuli katikati alikaa afande mwanamke akikata kucha. Watu kumi walisema na watu kumi kwa pamoja, habari za ada, za mbuzi, za talaka, na maneno yakachanganyika hewani hata ukaondoka na ya mwenzako.

Shangazi alikonda, nywele wakamkata. Siku moja aliniambia, "Wananijia."

"Akina nani?"

"Wale kumi na mmoja. Mchana, nikipitiwa na usingizi baada ya chakula. Wamejipanga foleni, wamevaa vizuri, mimi nipo dirishani. Namuuliza wa kwanza, upo, baba? Ananyamaza. Anataka niseme mimi."

"Useme nini?"

"Kwamba hayupo. Wanataka kwenda, mwanangu, na mimi nimewashikilia." Afande akasimama, akasema muda umekwisha, na shangazi akaenda zake taratibu, akijipapasa mfukoni kana kwamba kuna ufunguo.

Bibi alikufa mwezi mmoja baada ya kuhakikiwa mara ya tatu, ikiwa imebaki miezi kumi na mmoja shangazi atoke. Alikuwa kwenye kiti chake, na kulikuwa na pazia la buluu. Tulimzika kesho yake, watu wachache, na siku ya tatu nikaenda gerezani kusema. Getini niliuliza kama mfungwa anaweza kuruhusiwa kwenda kuona kaburi la mama yake. Hakuna ruhusa ya namna hiyo, nikaambiwa. Nikaingia. Shangazi alikuwa ameshasimama upande wa pili wa nyavu, anatabasamu, ameninyooshea vidole vyote kumi kisha kimoja.

"Imebaki kumi na mmoja! Mama hajambo?"

Nikausikia mdomo wangu ukisema, "Hajambo. Anakusalimu."

Ilikuwa rahisi kiasi cha kunitisha. Dakika ile nilimwelewa shangazi kuliko siku zote za kesi. Nilirudi nyumbani, nikakaa na karatasi, nikaandika kwa maneno ya bibi kwamba mguu unauma kidogo na kwamba mke mwenzangu siku hizi anapika chumvi nyingi. Nilijichekesha mwenyewe huku nalia. Chini ya barua palikuwa patupu. Nikafungua pedi ya wino, nikaweka dole langu.

Nilifanya hivyo miezi kumi na mmoja. Na pensheni nayo iliendelea kuingia. Mwezi wa kwanza nilisema kesho nitakwenda kutoa taarifa. Kisha nikajiambia kwamba nikitoa taarifa, karatasi itatembea meza kwa meza mpaka imfikie mtu mwenye ndugu gerezani, na shangazi atasikia kwa watu. Maneno matamu hayo. Ukweli ni kwamba pesa ilikuwa inaingia, nami nilikuwa naitoa, umeme unalipwa. Majibu ya shangazi yalifupika. Hakuuliza tena habari za mguu. Nikaona bahati imeniangukia, nikashukuru.

Zilipobaki wiki mbili, uhakiki wa mwaka ukatangazwa. Ofisi ilikuwa na fomu ya walio kitandani: unaichukua, mgonjwa anaweka dole nyumbani, jirani anashuhudia, unairudisha. Niliifuata kwa miguu yangu mwenyewe. Binti wa dirishani akaniuliza, "Bibi yule mcheshi hajambo?" Nikasema siku hizi haamki. Mama wa jirani angesaini chochote ambacho ningemwekea mbele. Fomu nikaiweka kwenye meza ya cherehani, chini ya mkasi, na kila nilipoinua macho kutoka kwenye kitambaa niliiona. Ilikuwa imebaki dole tu. Nilijua kosa lile linaitwaje mahakamani, na nilijua lina miaka mingapi, nilikuwepo hukumu ikisomwa. Siku nyingine niliamka nikiwa sina hakika kama nimeshaliweka au nimeota, nikakimbilia mezani kutazama.

Alitoka asubuhi, siku ya Alhamisi, na mfuko wa plastiki na gauni lile lile la siku ya hukumu, ambalo sasa lilimtosha yeye na mwenzake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

Tukatembea kando ya ukuta wa gereza. Nilikuwa na maneno niliyoyaandaa miezi yote ile, nikavuta pumzi.

"Usianze," akasema. "Najua mama hayupo."

Nikasimama. Akanishika mkono, akanifungua kiganja, akalitazama dole langu kwa karibu, kwa jicho la kazi. "Dole la mama lilikuwa doa. Miaka yote doa. Halafu ikaja barua ina mistari, imejizungusha vizuri, ya mtu ambaye hajafua hata leso. Nilikwenda nayo chooni, ndiko pekee ulikoweza kukaa peke yako kidogo. Nilijiziba mdomo kwa gauni."

"Mbona hukusema, shangazi? Miezi yote ile nakuja, unaniuliza, nakujibu..."

"Ningesema, ungeacha kuniletea salamu." Akaniachia mkono. "Nilizihitaji. Ulikuwa unamsema vizuri."

Nikafungua mdomo nimweleze ilivyokuwa. Akatikisa kichwa. "Bado. Nifike nyumbani kwanza. Usiniambie kitu mpaka nikuulize."

Nyumbani alisimama muda mrefu mbele ya kiti. Hakukigusa. Kisha, kwa mazoea ya kutafuta mahali pa kuweka macho, akaangalia meza ya cherehani, akainua mkasi. Aliisoma fomu kama alivyosoma fomu siku zote, kuanzia chini kwenda juu.

"Hujaweka dole."

"Bado."

"Ulikuwa unangoja nini?"

"Sijui. Labda wewe."

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Nikaona uso wake unabadilika, na sijapata kumwona na hasira ile, hata siku aliyokamatwa. "Kiti kitupu nilishajiandaa nacho," akasema. "Hili sikujiandaa. Miaka mitatu nimenyea debe, nimelala ubavu mmoja, halafu wewe unataka nikuachie godoro?"

"Pesa imeingia miezi kumi na mmoja, shangazi. Nimekula. Nikienda kusema, watanifunga."

"Wanaweza. Sikufichi, wanaweza. Lakini ukienda mwenyewe, pengine watakudai ulipe kidogo kidogo na kukutukana. Ukishaweka dole hapo, hakuna pengine." Akainuka, akaanza kutafuta kwenye kabati gauni linalomtosha. Hakuna lililomtosha. "Vaa viatu. Wanafunga saa tisa na nusu."

Foleni ilianzia kwenye ngazi. Wazee walikuwa wamevaa vizuri, wanajipepea kwa kadi. Mlinzi wa mlangoni alimtambua, akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Nyuma yetu nikasikia mtu akimnong'oneza mwenzake, "Si Bi Muhuri huyo?" Shangazi alisimama wima, mkoba wake wa zamani ameukumbatia kifuani, akisogea hatua kila mtu mmoja alipomaliza kuwa hai. Ilituchukua saa nzima na kitu. Joto lilikuwa limetanda, sauti zilikuja na kupotea, na kwa kweli sikuwa na hakika kwamba tuko macho sote wawili, mpaka mtu wa mbele yetu akaondoka na tukabaki sisi na kioo.

"Karibuni," alisema yule binti. "Mmemleta nani?"

"Hatujamleta mtu," shangazi akasema. "Nimekuja kusema mama yangu amekufa."

Alilisema vizuri, kwa sauti ya ofisini. Binti akasema pole sana, akapokea kadi, akavuta faili, akaiona picha ya bibi. Akaniangalia. "Dada, si ulichukua fomu hapa juzi juzi?"

"Nilichukua. Hii hapa. Haina kitu." Nikaisukuma kwenye kitundu.

Akaitazama pande zote mbili, akaiweka kando, akachukua karatasi nyingine. "Alifariki lini?"

Shangazi akafungua mdomo. Nikaona anatafuta, nikaona hana pa kutafuta. Alijua mistari ya dole langu, alijua mwezi ambao barua ilibadilika, lakini siku yenyewe hakuna aliyewahi kumwambia. Akanigeukia, mbele ya watu wote wale. "Lini, mwanangu?"

"Jumanne. Tarehe kumi na tisa, mwezi wa nne." Nikaongeza, "Mwaka jana."

Kalamu ya binti ikasimama. "Mwaka jana," akasema polepole.

"Zilizoingia baada ya hapo nilizitumia mimi," nikasema. "Mimi. Yeye alikuwa ndani." Yaliyofuata kuhusu hilo ni marefu na hayapendezi: meneja alinifokea mlango ukiwa wazi, niliandikishwa karatasi tatu, na nililipa kwa miezi kumi na minane, lakini nililipia nyumbani kwangu, nikilala kitandani kwangu. Wakati ule dirishani sikujua kama ingekuwa hivyo.

Shangazi hakuwa anasikia habari za pesa. "Saa ngapi?" akaniuliza.

"Saa nne asubuhi."

"Saa nne tunakuwa bustanini," akasema. "Nilikuwa namwagilia." Akafikiri kidogo. "Alisema kitu?"

Kwenye ile karatasi hapakuwa na nafasi ya swali hilo, lakini binti alingoja.

"Aliniuliza kama umeshafika."

"Ukamwambiaje?"

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Kati ya uongo wote niliousema miaka ile, huo ndio pekee niliokuwa nimeuficha hata kwangu mwenyewe. "Nilimwambia umefika. Nilimwambia upo mlangoni, unavua viatu."

"Akasema nini?"

"Akasema nikutengee maji ya kuoga. Nikaenda kweli kuyatenga, shangazi. Niliporudi alikuwa ameshakwenda."

Shangazi aliegemeza paji la uso kwenye kioo, upande wa nje, akalia kwa sauti. Binti akaweka kalamu chini, akasema, "Pole, mama," akawaomba waliokuwa nyuma yetu wasubiri kidogo.